Jinsi Verlin Stordahl Alivyoichagulia Risasi Yake Mama

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili, na ninyi pia mliobakiwa na moja! Aliye na sufuria motoni na aiepue, aliye na mtoto mgongoni na ambembeleze alale, na aliyekuja kuazima chumvi na akae chini kwanza, kwa maana habari hii si ya kusikilizwa na mtu anayechambua mchicha. Ni habari ya vita visivyomwaga damu, ya posa isiyo na mahari, na ya shujaa ambaye mchana kweupe, mbele ya mashahidi wenye akili timamu au karibu na hapo, alichukua kitu kirefu kama kidole cha kati akakisimamisha juu ya meza. Ewe Kumbukumbu, mama wa wambea wote, shuka ukae karibu, usiache hata punje ianguke. Na mahali ambapo ukweli umepungua, ongeza kidogo, hakuna atakayepima.

Palikuwa na mtu katika nchi ya Montana, nchi yenye theluji kichwani na ngano miguuni, katika mji wa Tolliver Bench wenye barabara moja ya lami na mbwa wasiohesabika. Jina lake Verlin Stordahl, mwana wa Arne, mjukuu wa Nils, Mshika-Usukani wa basi la shule hadi alipostaafu, Mfungua-Mlango-wa-Mbele, Verlin wa Fikra Ndefu, ambaye hakuwahi kumwacha mtoto barabarani wala kumfikisha mapema.

Basi jueni kwamba kwa watu wa huko bunduki ni kama kanga kwetu: hakuna aliyetosheka na moja. Risasi za dukani zipo, tena zimejaa, zinauzwa hata kwenye kituo cha mafuta, kati ya soksi na karanga. Lakini mwanamume wa Tolliver Bench akishafikia umri wa kuota kitambi, risasi ya dukani haimridhishi tena. Hutaka yake mwenyewe. Hulichukua ganda tupu la shaba lililozaliwa kiwandani, akalibana shingo, akalisukuma mabega, akalinyoosha mbavu, hata likawa kiumbe ambacho hakuna kiwanda kitakachokubali kuwa kimekizaa. Na kwa hiyo huko kiumbe huyo huitwa paka-mwitu. Kisha fundi bunduki huukereza mtutu ulingane na paka-mwitu huyo, na juu ya mtutu huchora jina la mwenyewe kwa herufi kubwa. Hapo mtu anaweza kufa vizuri, maana hata akifukiwa, jina lake limebaki juu ya chuma. Na lile ganda la kwanza, alimotoka paka-mwitu, huitwa ganda mama. Ukikosea mama, umekosea ukoo mzima.

Kwa miaka kumi na mmoja Verlin alikuwa akichagua mama.

Juu ya dirisha la jikoni, mahali ambapo wanawake wengine wa mji ule huweka vyungu vya maua, walisimama wachumba watatu wa shaba, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapa majina. Wa kwanza Bi Mshipi, mama wa kizamani, mwenye mkanda wa shaba chini kabisa karibu na kitako, aliyezaa paka-mwitu wengi kuliko wanavyoweza kukumbukwa, na ambaye ndugu zake wamejaa kila duka. Wa pili Bi Mnene, aliyebuniwa enzi za babu zetu kwa ajili ya tembo na nyati wa Afrika, mwenye mwili kama mtungi na tumbo la kumeza baruti ya kuhamisha kilima. Wa tatu Bi Mrefu, binti wa juzi, hana mshipi wala haya, mabega yake makali, kimo chake cha kutisha. Verlin aliamka akimpenda mmoja, akala chakula cha mchana akimpenda wa pili, na jua lilipozama alikuwa amemrudia wa kwanza kwa machozi.

Mkewe, Dorlene Mshika-Kisu, Dorlene Mjaza-Friza, aliwapangusa vumbi kila wiki.

"Verlin," alikuwa akisema, "nina wanawake watatu dirishani, na hakuna hata mmoja anayeosha sahani."

Dorlene naye kila vuli alichukua bunduki ya babu yake, yenye mtutu uliochakaa na risasi ile ile ya kituo cha mafuta, akapanda mlimani na kipande cha mkate mfukoni, akarudi na elki, yule kulungu wa huko mkubwa kama ng'ombe. Verlin alikuwa akimsaidia kubeba mapaja. Yeye hakuweza kuwinda. Angewindaje mtu ambaye bunduki yake haijapata mama?

Sasa msikilize jinsi vita vilivyokuja.

Dorlene alikuwa na kaka, na kaka huyo ndiye Rudy Pankratz, Rudy wa Kifua Mbele, muuza matrekta, mtu aliyekuwa akiingia mahali sauti yake ikiwa imeshakaa. Rudy tayari alikuwa na paka-mwitu wake, Radi ya Pankratz, na mama yake Radi alikuwa Bi Mshipi. Siku alipomleta mgahawani kwa Darla kumwonyesha, akampitisha meza hadi meza kama mtoto mchanga, watu wote walimsifu. Verlin alimtazama, akaweka kikombe chini, akanena kwa sauti ya mtu aliyelipima neno pande zote:

"Mshipi ni wa kushikilia suruali. Ganda lenye nguvu zake halivai mshipi."

Mgahawa uliangua kicheko hata Darla akamwaga kahawa. Neno lile likaenea. Likabandikwa ukutani juu ya mashine ya kahawa. Watoto wakalisema shuleni. Rudy akitembea mjini, watu wakawa wanampungia mkono huku wakipandisha suruali zao. Naye akaliweka moyoni, akaliwekea na kufuli.

Ikawa wiki moja ya masika, theluji inayeyuka, Mzee Emmett Quist aliingia mgahawani akavua kofia, na alipovua kofia watu waliweka vikombe chini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Mzee huyu alikuwa fundi bunduki wa pekee katika wilaya nzima. Kila jina lililochorwa juu ya mtutu wowote kuanzia pale hadi mpaka wa Kanada lilichorwa na mkono wake.

"Mkono umeanza kutetemeka," akasema. "Naifunga karakana. Naenda Arizona kwa binti yangu, nikaanikwe juani kama mjusi. Umebaki mtutu mmoja tu, na baada ya huo sikerezi tena hata msumari. Zamu ni ya Verlin. Aliiomba wakati ana nywele."

Watu wote wakamgeukia Verlin. Verlin akaitazama meza.

"Lakini sitamngoja mpaka nife," Mzee Quist akaendelea. "Jumamosi, king'ora cha saa sita kikilia, ganda mama liwe limesimama juu ya meza yangu ya kazi, lenyewe, bila mkono. Likisimama, ndilo hilo, mtutu ni wa Verlin. Lisiposimama, mtutu ni wa Rudy, maana naye ameniomba kwa ajili ya mtoto wa pili."

"Radi ya Pankratz ya Pili," Rudy akasema, akijipigapiga kifua. "Usijali, shemeji. Chukua muda wako. Si ndiyo kazi yako?"

Basi hivyo ndivyo jambo lilivyokuwa: jina la Stordahl lipande juu ya chuma, au jina la Pankratz lipande mara mbili, na Verlin aishi siku zake zilizobaki akila chakula cha Krismasi meza moja na mtu huyo.

Alirudi nyumbani. Akasimama mbele ya dirisha la jikoni, mikono nyuma, kama jemadari anayekagua majeshi. Wale watatu wakang'aa. Kisha ghafla mlima ukazaa.

"Nimechagua!" akanguruma.

Dorlene alikuwa akikata vitunguu, hakugeuka. "Nani?"

"Bi Mnene! Mama wa mashujaa! Tumbo lisiloshiba! Atazaa paka-mwitu atakayemfanya huyo Radi asikike kama mtu anayekohoa kanisani!"

"Hongera. Tumtandikie chumba gani?"

Verlin, kwa furaha, akaichukua bunduki yake iliyokuwa ikimngoja miaka yote, bunduki yenye kila kitu isipokuwa mtutu, akachomoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake. Na pua ya komeo ina kikombe kidogo, ambamo kitako cha ganda hukaa kama yai katika kikombe chake. Akamshika Bi Mnene kiunoni kwa heshima, akamsogeza mlangoni.

Hakuingia.

Akamgeuza. Hakuingia. Akambembeleza, akamsukuma, akamwegemea kwa bega la kulia, bega lililowahi kulikwamua basi kutoka matopeni. Hakuingia.

"Labda komeo lina baridi, limesinyaa," akasema.

"Bunduki hiyo imelala kando ya jiko tangu Jumanne, Verlin."

"Basi Bi Mnene ana joto. Amevimba."

Akamtia Bi Mnene katika friza, kati ya mapaja mawili ya elki, akamngoja kwa saa nzima, amesimama mlangoni mwa friza kama askari kwenye lango la mfalme. Alipomtoa alikuwa na ukungu mwilini na alikuwa mnene vilevile.

Ndipo akampigia simu Mzee Quist. Dorlene aliisikia sauti ya mzee ikitoka kwenye simu, nyembamba kama ya mbu: "Naweza kulichonga komeo lipanuke, ndiyo. Ukuta wake utabaki kama ganda la yai. Utafyatua mara moja, na hiyo mara moja mchungaji ataitaja kaburini."

Verlin akakata simu, akaketi. Akalia kilio cha watu wakubwa:

"Nimempenda huyu mwanamke tangu mwaka ule upepo ulipong'oa paa la shule, na sikuwahi kumpeleka mlangoni nikaona kama anapita!"

"Ndivyo dada yangu alivyonunua kochi," Dorlene akasema. "Kula."

Lakini shujaa hasemwi kuwa shujaa kwa kuwa hakuanguka; husemwa kwa kuwa alianguka watu wakimwona. Ijumaa asubuhi Verlin aliamka mtu mpya. Alikuwa na Bi Mrefu mkononi, amekwisha kumjaribu kwenye komeo, naye aliingia kama mguu katika soksi.

"Ni huyu," akasema. "Siku zote alikuwa ni huyu."

"Una magamba yake mangapi?" Dorlene akauliza. Alipenda kuyaita magamba ili amwone akikunja uso.

"Maganda. Ninalo hili moja."

"Moja."

Hapo Verlin akavaa viatu. Kwa maana paka-mwitu ni mlaji: kila akifyatuliwa mara kadhaa, shingo hupasuka, kitako hulegea, na mtu anayejipenda huhitaji maganda mama ya kumfikisha kaburini. Bunduki iliyokosa maganda ni fimbo ya kuchochea moto. Akawasha gari lake la mizigo, naye akaenda kuwatafuta ndugu zake Bi Mrefu.

Duka la kwanza, mjini kwake, rafu ilikuwa tupu, na vumbi lilionyesha mahali masanduku yalipokuwa yamekaa. Akaenda mji wa pili, Saddle Creek, mwendo wa kukata tamaa na redio ikikwaruza. Nako rafu tupu. Akaenda Ferrin, mji wa tatu, upepo unalisukuma gari kama mlevi anayetaka kupita kwanza. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akamtazama kwa huruma.

"Verlin, umechelewa. Rudy Pankratz alikuwa hapa jana. Alinunua yote. Niliuliza, Rudy, una bunduki gani ya haya? Akasema hana."

"Akasema hana?"

"Akasema hana, na akacheka. Alicheka mpaka nikamletea maji."

"Na kiwandani?"

"Niliwapigia. Mwaka huu hawayatengenezi. Wanasema labda mwakani, na mwaka jana walisema hivyo hivyo."

Ndipo Verlin alipoelewa kwamba alikuwa amezingirwa. Adui hakumrushia jiwe wala hakumtolea upanga. Alifunga visima vyote vya nchi kisha akakaa nyumbani kumngoja afe kwa kiu. Akaendesha gari kurudi nyumbani, na milima pande zote mbili ilimtazama bila kumsaidia chochote, kama ilivyo desturi ya milima.

Jikoni alibaki mmoja. Bi Mshipi alikuwa amesimama dirishani, mkanda wake unameremeta.

"Hapana," Verlin akamwambia.

"Amesema nini?" Dorlene akauliza.

"Hajasema kitu. Ananitazama tu."

Siku ya Jumamosi ilipopambazuka, Tolliver Bench ilimiminika kwenye karakana ya Mzee Quist kama nyuki waliosikia kuwa kuna arusi ya asali. Walikuja na viti vya kukunja. Walikuja na sinia za viazi vilivyookwa kwa jibini, na pai ya matunda yenye rangi ya damu ya mzee, na birika la kahawa linalobebwa na watu wawili. Darla alifunga mgahawa. Mchungaji alikuja, akasema amekuja kurudishiwa tindo. Na katikati, chini ya taa, ulilala mtutu wa mwisho, mpya, mweupe, haujaandikwa kitu, nao haukumjua yeyote.

Rudy alikuwa amefika kabla ya wote. Amevaa shati la sikukuu. Verlin alipoingia na Dorlene, Rudy akapanda juu ya kreti, akatandaza mikono.

"Enyi watu wa Tolliver Bench!" akapaza sauti. "Mnamwona shemeji yangu? Mimi nampenda huyu mtu. Alinipa mpwa, na alinipa neno kuhusu suruali ambalo nimelivaa kila siku tangu hapo. Basi leo namlipa kwa wema. Verlin! Maganda ya Bi Mrefu ninayo, masanduku kwa masanduku. Nitakupa yote. Yote, bure! Simamisha Bi Mrefu wako hapo mezani, uchukue bunduki yako, ukawinde mpaka uchoke. Nina sharti moja tu, dogo kama chawa."

"Lipi?" Verlin akauliza.

"Jina kwenye mtutu liwe langu."

Watu wakaguna guno moja refu. Hata wale waliokuwa wakitafuna walisimamisha taya.

Mzee Quist akaitazama saa ya ukutani. "Dakika chache, Verlin."

Verlin akasimama mbele ya meza ya kazi, mkono wa kushoto una Bi Mrefu, mkono wa kulia una Bi Mshipi. Na jasho, jasho la mwanamume asiyetokwa na jasho hata akiwa kwenye barafu na watoto arobaini nyuma yake wakiimba, likamtiririka kutoka kwenye ukosi hadi mahali ambapo mshipi wake mwenyewe ulishikilia suruali yake.

Dorlene akamsogelea. "Unaogopa nini?"

"Nilisema lile neno, Dorlene. Limebandikwa ukutani kwa Darla. Nikimsimamisha huyu wa mshipi, nimelila neno langu mbele ya mji mzima."

"Kwani neno lako lina mifupa? Mimi nimekula maneno yangu tangu nilipoolewa nawe. Lipo moja nililisema kanisani kabisa, mbele ya mama yako, nikalila siku ile ile jioni. Halikunidhuru."

"Mtoto wangu na Radi ya Rudy watakuwa wa mama mmoja."

"Basi watajuana. Mimi na Rudy pia ni wa mama mmoja, na nani amewahi kutuchanganya?"

Verlin akamtazama mkewe, kisha akamtazama Rudy juu ya kreti. Kitu fulani kikatulia ndani yake, kama basi lililofika kituoni na injini ikazimwa. Akavuta pumzi. Akaugeukia umati, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ile iliyokuwa ikisema kaeni kwenye viti vyenu.

"Ndugu na majirani!" akanena. "Nilisema mshipi ni wa kushikilia suruali. Nililisema kwa sauti, na nililisema nimeshiba. Leo nasema mbele yenu nyote: nilikosea. Mshipi unaweza kushikilia na vitu vingine. Aliyecheka pamoja nami siku ile na acheke tena leo, nampa ruhusa, ila acheke haraka kwa sababu nina kazi. Bi Mrefu, kwaheri, umezuiliwa gerezani na sina wa kukudhamini. Bi Mshipi, nilikudharau. Karibu."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alivua kofia.

Verlin akamweka Bi Mshipi juu ya meza.

Bi Mshipi akaanguka.

Kwa maana meza ile ilikuwa imefanyiwa kazi kwa nusu karne, imeinama upande mmoja kama ng'ombe mzee, na juu yake kulikuwa na vumbi la chuma lenye kuteleza. Ganda likabiringika, likaanza safari kuelekea ukingoni, na chini ya ukingo kulikuwa na ndoo ya mafuta machafu ambamo vitu vilivyoanguka tangu siku za vita havijawahi kuonekana tena. Wanawake wakapiga kelele. Darla akafumba macho. Verlin akaruka, yeye Verlin asiyeruka, akatupa kiganja chake kama ngome mbele ya adui, akamdaka Bi Mshipi mdomoni mwa ndoo.

Na hapo king'ora cha zimamoto, kinacholia kila mchana kuwakumbusha watu wa mji ule kwamba wana njaa, kikaanza kupanda.

"Hajasimama!" Rudy akapiga kelele juu ya kreti. "Mashahidi! Hajasimama!"

"King'ora bado kinalia," Mzee Quist akasema, bila kupaza sauti. "Kikinyamaza ndipo tuhesabu."

Verlin akapuliza vumbi la chuma. Akapangusa meza kwa mkono wa shati, shati jipya, mbele ya mkewe. King'ora kikapanda juu ya paa, juu ya milima, na kila kitu ndani ya karakana kilianza kutetemeka: vioo, misumari, meno ya mchungaji. Akamsimamisha tena Bi Mshipi, safari hii amemwelekeza kinyume cha mteremko, akamshika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mtoto mgonjwa. Akaachia kidole kimoja. Bi Mshipi akayumba. Watu wote wa Tolliver Bench wakayumba naye, upande ule ule. Akaachia kidole cha pili.

Meza ilikuwa ikitetemeka, king'ora kikilia, na Rudy alikuwa ameanza kukanyaga kreti kwa kishindo, akidhani hakuna anayemwona. Bi Mshipi akainama kushoto, akajirudisha. Akainama kulia, akajirudisha. Mkanda wake mpana, ule mkanda uliodharauliwa, ukajikita katika mkwaruzo mmoja wa mbao, ukang'ang'ania.

King'ora kikashuka. Kikakoroma. Kikanyamaza.

Bi Mshipi alikuwa amesimama.

Kelele zilizopigwa pale zilisikiwa na ng'ombe wa upande wa pili wa mto, wakaacha kula. Watu walikumbatiana, hata wale wasiosalimiana tangu ugomvi wa ua la mpakani. Mzee Quist akachukua penseli yake butu, akavuta mstari mdogo juu ya mtutu.

"Haya," akasema. "Jina?"

"Stordahl."

"Stordahl nani? Radi? Kimbunga? Tufani? Wote huongeza kitu."

"Stordahl tu," akasema Verlin. "Limetosha."

Watu walipokwisha kugawana pai, Rudy alishuka kutoka kwenye kreti. Alikuwa amepungua. Akakaa kando ya Verlin na sahani ambayo hakuigusa, akakohoa mara mbili kama trekta asubuhi ya baridi.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Yale maganda ya Bi Mrefu."

"Yapi?"

"Unayajua. Yamejaa gereji mpaka darini. Gari la mke wangu linalala nje kwenye theluji, na Lavonne haniambii neno. Hayaingii bunduki yangu hata moja, na mzee hakerezi tena. Hakuna mtu wilaya hii mwenye bunduki ya kuyala." Akashusha sauti. "Yachukue tu. Kwa bei yoyote. Kwa bei ya kubeba."

Verlin aliitazama dari. Akaitazama kwa muda mrefu, kwa utulivu, pande zote nne, na uso wake ulijaa nuru ya mtu aliyeonyeshwa nchi kubwa na kuambiwa itembee yote.

"Hilo si jambo la kujibiwa haraka, shemeji," akasema. "Hilo ni la kufikiriwa."

Dorlene alicheka hata ikabidi ashikilie mashine ya kukereza.

Naam, yameandikwa, na asiyeamini na aende Tolliver Bench akaulize. Atakuta kwamba watu wa huko hawahesabu tena miaka kwa mafuriko wala kwa magavana. Daraja la mto lilitengenezwa wiki tatu baada ya Verlin kuchagua. Mapacha wa Darla walizaliwa mwaka mmoja baada ya Verlin kuchagua, mmoja ana nywele. Mchungaji alirudishiwa tindo siku yenyewe. Na Lavonne Pankratz, akiulizwa dukani tangu lini gari lake limekuwa likilala nje, hajibu kwa mwezi wala kwa mwaka. Hufunga vifungo vya koti hadi juu, akasema, tangu Verlin aanze kufikiria.